Balkoni isiyo na nguzo: nondo zikae juu au chini?

Msomaji wetu wa Kihonda, Morogoro, anauliza: "Ninajenga nyumba ya ghorofa moja. Kwenye ramani kuna balkoni inayotoka nje mita 1.2 bila nguzo, na mchoraji ameiandika kantileva. Fundi wangu anashauri tuitoe mpaka mita 2 ili meza na viti vienee. Nondo ameshazifunga, za balkoni zimelala chini sawa na za ndani. Jana shemeji yangu alipita, naye amefanya kazi za zege miaka mingi, akasema za balkoni zinatakiwa juu. Fundi amenuna. Zege tunamwaga Jumamosi. Hii kantileva ni kitu gani, na kati yao nimsikilize nani?"

Dada yangu, nianze na jibu kwa sababu Jumamosi si mbali. Shemeji yako yuko sahihi. Zege la balkoni lisimwagwe mpaka nondo za juu zifungwe, na zile mita 2 zisahau kabisa mpaka mhandisi aliyepiga hesabu za nyumba yako azipige upya. Ikibidi, ahirisha. Kuwalipa vibarua siku moja ya ziada na kurudisha mashine ya kuchanganyia zege ni hasara ndogo. Kuvunja balkoni iliyokwisha kukauka ni hasara kubwa, na balkoni kuanguka na watu sitaki hata kuipigia hesabu.

Sasa tuzungumze taratibu.

Kantileva ni kitu chochote kilichoshikwa upande mmoja tu, upande wa pili ukabaki hewani. Tawi la mwembe ni kantileva. Bawa la ndege ni kantileva. Nguzo ya umeme nayo ni kantileva, ila imesimama: imeshikwa na ardhi chini, juu iko huru, na upepo ndio unaoisukuma. Ndiyo maana haichimbiwi juujuu. Ya mita 9 huzamishwa kama mita 1.5. Kwa watu wa pwani mfano mzuri kuliko yote ni mrengu wa ngalawa, lile gogo linalotoka ubavuni kwenda kushika tengo. Limefungwa kwenye chombo, ncha iko nje juu ya maji, na wimbi likilisukuma tengo kwenda juu, pale panapolia ni kwenye kamba, mrengu unapokutana na chombo. Si kwenye ncha. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Lakini si kila kinachotokeza nje ni kantileva. Ukipita vichochoro vya Lamu utaona wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia kikaunganisha nyumba mbili. Kinaonekana kama kinaelea, kumbe kimelala juu ya kuta za pande zote mbili. Hata zile baraza pana za Beit al-Ajaib pale Forodhani, Zanzibar, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, zilisimama juu ya nguzo za chuma. Ukiona nguzo kwenye ukingo wa nje, hiyo si kantileva tena, na hesabu yake ni nyingine.

Chukua ndoo ya lita 10 iliyojaa maji. Ibebe mkono ukiwa umening'inia ubavuni, utatembea nayo mpaka kwa jirani. Sasa nyoosha mkono mbele yako, uishike ndoo ileile. Hutamaliza nusu dakika. Maji hayakuongezeka, kilichoongezeka ni umbali wa ndoo kutoka begani. Jisikilize vizuri na utaona mambo mawili. Vidole haviumi, linaloumia ni bega. Halafu mgongo wenyewe unajivuta nyuma ili usianguke kifudifudi. Kila kantileva duniani, iwe ya zege, chuma au mbao, ina mkono, ina bega na ina mgongo. Watu huangalia mkono kwa sababu ndio unaoonekana. Mhandisi huangalia bega na mgongo.

Hapa ndipo linapoingia suala la nondo. Shika kipande cha chaki. Kibane kwa ncha zake mbili, hakivunjiki kirahisi. Kipinde kidogo tu, kimekatika. Zege lina tabia hiyohiyo: linavumilia sana kubanwa, halivumilii kuvutwa. Uwezo wake wa kuvumilia mvuto ni kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wake wa kubanwa. Nondo tunaiweka kwa ajili ya upande unaovutwa, basi. Kwa hiyo swali la nondo zikae wapi ni swali la upande gani unavutwa.

Ukitaka kuuona kwa macho, tafuta kipande cha godoro la sponji, urefu kama rula, unene vidole vitatu. Chora mistari ya kusimama ubavuni kwa kalamu ya wino, mmoja kila baada ya sentimita mbili. Kilaze juu ya vitabu viwili, kimoja kila mwisho, halafu bonyeza katikati. Mistari itaachana upande wa chini na kusogeleana juu. Hilo ndilo jamvi la sebule yako, yaani bamba la zege: limelala kwenye kuta mbili, tumbo linashuka, uso wa chini unavutwa, nondo zinakaa chini. Sasa weka kipande hicho ukingoni mwa meza, nusu yake ikandamize kwa kitabu kizito, nusu iachie nje. Bonyeza ncha. Mistari imegeuka: juu inaachana, chini inasogeleana. Na tazama inaachana zaidi wapi. Ni pale ukingoni mwa meza, kwenye bega. Hiyo ndiyo balkoni yako. Nondo zikiwa chini hazifanyi kazi ile uliyozinunulia, na juu limebaki zege tupu, yaani chaki.

Fundi wako asionekane mjinga kwa hili. Majamvi mengi aliyofunga maisha yake yanataka nondo chini, na mkono umezoea. Muite pembeni, bila shemeji, umwonyeshe sponji. Fundi mzuri ataelewa kabla hujamaliza. Wala hana haja ya kufumua alizofunga. Za chini zibaki, zinasaidia, za juu ziongezwe kwa kipimo cha mhandisi.

Niliwahi kuitwa kuangalia balkoni ya namna hiyo. Mwenye nyumba alikuwa na wasiwasi kwa sababu ya ufa mmoja mwembamba kwenye vigae, uliokwenda sambamba na ukuta wa nyumba kutoka pembe hadi pembe. Chini ya balkoni plasta ilikuwa safi, hakuna alama hata moja. Tuliondoa vigae viwili, tukachimbua zege kwa patasi mpaka sentimita 7, hatukugusa chuma. Nondo zilikuwa chini kabisa. Balkoni ile ilikuwa imeshikwa na nini, sijui niseme nini zaidi ya kwamba haikuwa imepata mzigo wake kamili. Siku hiyohiyo tuliweka mirunda chini yake na mlango wa kutokea ukafungwa kwa misumari.

Tuje kwenye mita 1.2 na mita 2. Masikioni inasikika kama nyongeza ndogo. Tupige hesabu kwa kipande cha balkoni chenye upana wa mita moja. Jamvi la sentimita 15 lina uzito wa kama kilo 375 kwa kila mita ya mraba. Weka plasta na vigae, weka watu na viti, tuseme jumla kilo 750. Kisha kuna ukingo: mafundi wengi huujenga kwa tofali, na ukuta wa tofali wa mita moja kwenda juu unakaribia kilo 300 kwa kila mita, nao umekaa mahali pabaya kuliko pote, kwenye ncha. Nguvu inayopinda bega tunaipata kwa kuzidisha uzito kwa umbali wake; kwa mzigo uliotandazwa umbali huo ni nusu ya urefu, kwa ukingo ni urefu wote. Kwa mita 1.2, mzigo uliotandazwa unatoa kilo-mita 540 (kilo mara mita) na ukingo unatoa 360, jumla 900. Kwa mita 2, unapata 1,500 na 600, jumla 2,100. Urefu haujafika hata mara mbili, lakini bega linapindwa mara mbili na theluthi.

Kuinama kwa ncha ni kubaya zaidi, kwa sababu kunakua kwa urefu uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Mita 2 kwa 1.2, kwa mzigo uleule uliotandazwa na unene uleule, ncha inashuka karibu mara 7.7. Ndiyo maana kanuni za zege za Uingereza, BS 8110, ambazo wahandisi wengi wa Tanzania na Kenya wamezisomea, zinaanza na uwiano huu: jamvi lililolala pande mbili linaweza kuwa na urefu mara 20 ya kina chake, kina kikipimwa kuanzia kwenye nondo, kantileva ni mara 7 tu. Uwiano huo unaruhusiwa kupanda ukiweka chuma kingi kuliko kinachohitajika, na ndivyo mita 1.2 inavyowezekana kwa jamvi la sentimita 15. Mita 2 kwa unene huohuo haikubaliki. Itataka bega nene zaidi, au boriti zinazotoka ndani, au nguzo.

Badala ya ukingo wa tofali, kwa njia, weka wa mabomba ya chuma. Umeangalia hesabu: kwenye mita 1.2 tofali peke yake zinachukua sehemu mbili kati ya tano za mzigo wa bega. Utapata na upepo.

Kosa la kurefusha bila kurudia hesabu lina kaburi lake maarufu. Kule Quebec, Kanada, walikuwa wanajenga daraja la kantileva la chuma juu ya Mto St. Lawrence. Katika michoro ya mwanzo uwazi wa katikati ulikuwa futi 1,600. Baadaye ukarefushwa ukawa futi 1,800, yaani kama mita 549. Uzito wa daraja lenyewe haukupigiwa hesabu upya kwa wakati. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, alikuwa New York, mbali na kazi. Wafanyakazi waliona vyuma vya chini karibu na nguzo ya kusini vimeanza kupinda, taarifa ikapelekwa, Cooper akaagiza mzigo usiongezwe, agizo halikuwahi. Tarehe 29 Agosti 1907, jioni watu wakikaribia kutoka kazini, mkono wote wa kusini ulianguka. Walikufa watu 75, wakiwemo mafundi chuma 33 wa Kimohawk, wenyeji asilia wa huko, kutoka Kahnawake. Mwaka 1916 kipande cha katikati kikaanguka kikiwa kinapandishwa, wakafa wengine 13. Daraja likakamilika mwaka 1917, na mpaka leo hakuna kantileva ya daraja yenye uwazi mrefu kuliko huo. Sikuelezi haya kukutisha, dada yangu. Nakueleza kwa sababu sentensi ya fundi wako, "tuongeze kidogo tu", ni sentensi ileile.

Mgongo sasa. Mwaka 1887 mhandisi Benjamin Baker alitaka kuwaeleza watu daraja alilokuwa anajenga na John Fowler huko Scotland, Daraja la Forth. Aliweka watu wawili wameketi kwenye viti wamenyoosha mikono, vijiti vimeegemea kutoka viganjani hadi kwenye viti, na katikati yao, juu ya ubao ulioning'inizwa kwenye mikono yao, akakaa mhandisi kijana wa Kijapani, Kaichi Watanabe. Picha hiyo bado ipo. Wengi humtazama Watanabe. Mimi hutazama ule mkono mwingine wa kila mtu, uliokwenda nje: umefungwa kwenye rundo la tofali lililo chini. Bila tofali zile, wote wangeangukia kati. Daraja lilifunguliwa Machi 1890 likiwa na nafasi mbili kubwa za mita 521 kila moja, na treni zinapita hadi leo.

Rundo lako la tofali ni jamvi la ndani. Nondo za juu za balkoni haziishii ukutani. Lazima ziingie ndani ya chumba, na sisi hutaka ziingie angalau mara moja na nusu ya urefu wa balkoni. Kwa mita 1.2, ziende ndani mita 1.8. Kwa hiyo leo jioni, kabla ya kitu kingine, simama mlango wa balkoni utakapokuwa na uangalie nyuma yako kuna nini. Kama kuna jamvi la chumba, vizuri. Kama kuna uwazi wa ngazi, balkoni haina mgongo, imeshikwa na boriti peke yake na itajaribu kuizungusha kama mtu anavyokamua nguo. Hiyo inawezekana kujengwa, lakini boriti inatakiwa iwe imepangiwa hivyo tangu mwanzo, ringi zake, zile nondo nyembamba zinazozunguka nondo nene, ziwe za karibukaribu. Mwambie mhandisi ulichokiona.

Siku ya zege simama pale mwenyewe, au shemeji asimame. Nondo za juu hukaa sentimita mbili na nusu hivi chini ya uso wa zege, na zinahitaji viti: vipande vya nondo vilivyokunjwa, vinavyosimama juu ya zile za chini na kuzinyanyua. Nimeona mara nyingi kazi iliyofungwa vizuri ikaharibiwa kwa dakika kumi. Vibarua wanakuja na makarai, wanakanyaga nondo, zinalala. Zikishuka sentimita 5 kutoka kina cha 12, umepoteza zaidi ya theluthi moja ya nguvu ya bega, na zege likishafunika hakuna atakayejua. Weka mbao za kupitia zisizogusa nondo. Na anayemwaga aanzie huko ndani akija nje. Pasikatwe kazi kwenye mstari wa ukuta, zege la leo likakutana na la kesho pale pale penye bega.

Mirunda ya kushikilia ina mpango wake, na mafundi wengi hawaujui. Jamvi la kawaida unaanza kutoa mirunda ya katikati. Balkoni unaanza na ile ya ncha, unarudi kuelekea ukutani. Ukitoa ya ukutani kwanza na kuacha ya ncha, umelifanya jamvi lilale pande mbili, tumbo linashuka, na safari hii chini ndiko kusiko na chuma cha kutosha. Kwa kantileva mimi husubiri siku 28, na wiki ya kwanza zege linamwagiwa maji kila siku.

Hata hivyo ncha itashuka kidogo, na itaendelea kushuka taratibu kwa miaka. Zege lina tabia hiyo. Nyumba ya Fallingwater huko Pennsylvania, Marekani, iliyochorwa na Frank Lloyd Wright mwaka 1935, ina baraza za zege zinazotoka karibu mita 4.6 juu ya maporomoko ya maji. Ni nyumba nzuri mno. Wakati wa ujenzi palikuwa na ubishi mkali juu ya kiasi cha chuma, na chuma kikaongezwa kama mara mbili ya kilichopangwa. Mirunda ilipotolewa baraza ilishuka kama sentimita 4.5. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imeshuka karibu sentimita 18, mwaka 2002 ikaokolewa kwa kupitisha nyaya za chuma na kuzikaza. Chuma kile cha ziada ndicho kilichoishikilia muda wote huo.

Adui wa mwisho ni maji. Ufa wa kantileva hutokea juu, na juu ndiko mvua inakonyesha, na juu ndiko chuma kiliko. Tarehe 16 Juni 2015 huko Berkeley, California, balkoni ya mbao isiyo na nguzo ilikatika pale ilipotokea ukutani, ikaua vijana sita. Maji yalikuwa yamepenya ndani na mbao za begani zimeoza, nje hakuna aliyeona. Zege haliozi, ila nondo zake hula kutu. Ipe balkoni mteremko wa kama sentimita moja na nusu kwa kila mita kwenda nje, pakaa dawa ya kuzuia maji kabla ya vigae, ukaipandishe ukutani kidogo, na tangi la maji la lita 1,000 usiliweke hapo kamwe. Hiyo ni tani moja.

Labda utauliza, kwa nini watu wajisumbue na kitu chenye masharti hivi? Kwa sababu kuna mahali nguzo haina pa kukaa. Paa la jukwaa la uwanja wa mpira likiwa na nguzo mbele, aliye nyuma yake haoni goli. Gari linataka kupita chini ya balkoni yako bila kugonga kitu. Mtoni huwezi kusimamisha mirunda kwenye maji yanayokwenda kasi, hivyo wajenzi hutoka kwenye nguzo wakiongeza kipande huku na kipande kule, mizani ikibaki sawa, mpaka mikono inakutana katikati. Hata kiti: mbunifu Mholanzi Mart Stam alionyesha huko Stuttgart, Ujerumani, 1927, kiti cha bomba lililokunjwa kisicho na miguu ya nyuma. Vizazi vya kiti kile vimejaa maofisini kwetu.

Kwa hiyo balkoni yako ijenge, ya mita 1.2 kama ilivyochorwa. Mirunda ikiwa bado ipo, pima kutoka ncha ya balkoni, chini yake, hadi alama ya kudumu utakayoiweka kwenye msingi; pima pembe zote mbili na katikati. Pima tena siku mirunda inapotolewa, kisha baada ya mwezi, kisha baada ya mwaka. Andika vipimo na tarehe nyuma ya ramani. Kikipungua milimita chache halafu kikatulia, kaa uote upepo. Kikiendelea kupungua, au ukiona ufa kwenye vigae unaofuata ukuta, watoe watu, simamisha mirunda, nipigie au mpigie mhandisi wako siku hiyohiyo.